Simama na Tulia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi mkaguzi alifungua mlango wa maabara kwa kadi yake, akaikuta mashine imesimama.

Jana jioni aliiacha imechuchumaa. Alikuwa na hakika, kwa sababu ndiye aliyeipiga picha ya mwisho, na picha ilikuwa bado kwenye simu: nguzo ya chuma imejikunja, mikono miwili yenye sponji imelala karibu na sakafu, taa ya kijani inawaka kwa mbali. Aliitazama picha, akaitazama mashine. Sasa mikono ilikuwa usawa wa kifua chake, imenyooshwa mbele, kama ya mtu anayesubiri kupewa mtoto ambebe.

"Usiniangalie mimi," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa mama wa usafi, ameegemea fagio la deki, ndoo yake ya magurudumu imebanwa kati ya miguu.

"Sijaigusa. Hata vumbi lake silipangusi. Mhandisi alinikataza."

"Hakuna aliyesema umeigusa, mama. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napiga deki."

"Ulizungumza na mtu?"

"Nizungumze na nani saa hizi?"

"Kuna neno lolote lililokutoka?"

Mama alifikiri. Kisha akaitazama ndoo, na uso wake ukabadilika.

"Sakafu hii ina mteremko pale kwenye tundu la maji. Ndoo ikanitoroka. Nikaiambia, simama we mshenzi." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani, baba. Ndoo haikusimama. Likasimama hilo."

Mkaguzi hakucheka. Alitoa daftari akaandika saa, neno, na kilichotokea. Mistari mitatu. Kisha akaisoma tena.

Mashine hiyo waliiita Bega. Kazi yake ilikuwa kumnyanyua mgonjwa asiyejiweza kutoka kitandani, kumpeleka alipotaka, na kumketisha, bila mtu kuiongoza. Ilisikia, iliona, iliamua yenyewe pa kupitisha mikono. Miaka minne mfuko wa utafiti ulikuwa umeigharamia, na leo saa nne wajumbe wa mfuko walikuwa wanakuja kuitazama na kuamua kama kazi iendelee au mlango ufungwe. Hawangeitazama mashine ambayo mkaguzi wao wa usalama hajaitilia sahihi.

Mkaguzi wao wa usalama alikuwa yeye. Na mhandisi aliyeitengeneza alikuwa mwanamke ambaye yeye alitaka kumwoa.

Aliusikia mkufu wa funguo kwenye korido kabla hajamwona. Alikuwa mtu wa kupima vitu. Alijua wamefahamiana kwa miezi kumi na minne, na kwamba hatua za mhandisi kutoka kwenye ngazi hadi mlangoni ni ishirini na mbili. Hakuwahi kupata kipimo cha kile kilichompata kila aliposikia funguo hizo.

"Bwana Hapana," mhandisi alisema akiingia na vikombe viwili vya chai. Ndilo jina ambalo wafanyakazi wote wa maabara walimpa, na yeye alilitamka kama watu wanavyotamka mpenzi. "Umewahi kunitangulia kwa mume mwenzio?"

"Nimemkuta amesimama."

Tabasamu lilibaki usoni pake, lakini macho yalihama. Yalienda kwenye mashine, kwenye ndoo, kwa mama wa usafi aliyekuwa anatoka kinyumenyume, yakarudi kwake. Alikuwa na alama ya grisi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mkaguzi alitamani kuifuta kwa kidole gumba. Hakuifuta.

"Nani aliiambia isimame?"

"Hakuna. Iliyoambiwa ni ndoo."

Alimsomea mistari mitatu. Mhandisi aliweka vikombe mezani, akavisogeza mpaka vikalingana.

"Kwa hiyo imesikia vizuri," alisema.

"Imesikia vizuri sana. Hilo ndilo tatizo. Mtu akisema simama, anasema mambo mawili. Inuka, au acha hapo hapo. Wewe umeifundisha moja."

"Niliwauliza wauguzi thelathini. Wote walisema wakitaka mgonjwa ainuke wanamwambia simama."

"Uliwauliza wakiwa wamekaa kwenye viti, wanakunywa soda. Waulize wakiwa wameogopa."

"Wakiogopa wana neno lao. Tulia."

Neno hilo lilikuwa la kwao wawili. Siku ya ukaguzi wa kwanza mikono ya mhandisi ilitetemeka mpaka akashindwa kuchomeka plagi ukutani, na mgeni mwenye daftari akamwambia, "Tulia. Nina siku nzima." Wiki mbili baadaye, alipokuwa anachagua neno la kuizuia mashine, aliweka hilo. Hakumwambia mtu sababu ila yeye, na alimwambia gizani kwenye gari, akiangalia dirishani.

"Neno zuri," mkaguzi alisema sasa, polepole. "Lakini si neno linalomtoka mtu mwenyewe. Ni neno la kufundishwa. Walioijaribu mashine hii ni watu kumi na wawili, na wote umewafundisha wewe. Mama wa usafi hukumfundisha."

"Basi tuifundishe mashine jina lake. Mtu aanze kwa kuiita Bega ndipo..."

"Ulilitoa hilo mwaka jana. Ulisema mgonjwa mwenye maumivu hana pumzi ya maneno mawili."

"Na ni kweli!"

"Ni kweli. Basi futa simama. Weka inuka."

Mhandisi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Ibara ya tisa," alisema. "Badiliko lolote katika maneno ya kuamuru, majaribio yanaanza upya, siku ishirini na moja. Nani aliandika ibara ya tisa, mpenzi?"

Aliyeiandika alikuwa yeye.

"Waombe wiki tatu."

"Kuna waombaji wengine wawili wamekaa pale nje ya mlango wao. Leo ndiyo mwisho. Nikisema wiki tatu, watasema asante, wataenda kwa mwingine. Watu watano hapa ndani wanarudi nyumbani. Na mimi..." Alisita. "Baba yangu ana miaka miwili hajasimama. Unajua nilianza kuijenga kwa ajili ya nani, miaka mitano iliyopita, alipoanza kupooza."

"Usiniambie leo utamweka baba yako kwenye mashine hii."

"Mwenyekiti ametaka mtu hai, si mwanasesere wa mchanga. Baba amejitolea mwenyewe."

"Na unaniambia sasa hivi?"

"Nikikuambia mapema ungesema nini?"

Alimtazama. Angesema hapana. Wote wawili walijua.

*

Baba wa mhandisi aliwasili saa tatu na nusu, amevaa koti alilolishona mwenyewe wakati mikono yote miwili bado inamtii. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na bado aliwaangalia watu mabegani kwanza ndipo usoni. Binti yake alikisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka katikati ya maabara, akaenda kuitayarisha mashine. Mzee alibaki na mkaguzi.

"Bwana Hapana. Leo umekuja na hapana ngapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sijajibiwa."

"Moja tu."

"Haya, nafuu. Jumapili nyumbani kwangu nilihesabu sita. Hapana sukari, hapana mto wa kuegemea, hapana hiki, hapana kile. Kikombe chenyewe ulikikagua kabla ya kunywa."

"Kilikuwa na ufa, mzee."

"Kina ufa tangu mama yake yupo hai. Hakijamkata mtu." Mzee alimpungia mkono akae. Mkaguzi alivuta kiti. "Nisikilize. Binti yangu anakutaka. Analala na simu mkononi kama mtoto wa shule. Mimi sikukatai kwa sababu ya kazi yako. Nakukataa kwa sababu hujawahi kumwamini mtu bila kumzungushia futi."

"Na wewe ulipima watu miaka arobaini."

"Nilipima, halafu nikakata kitambaa. Ilifika saa nikaishika mikasi nikakata. Wewe nimekuona unapima tu." Sauti yake ilishuka. "Kitu hicho amekijenga mwanangu. Mimi naingia mzima mzima, na miguu yangu hii. Wewe huwezi hata kuweka jina lako kwenye karatasi?"

"Mzee, kuna neno moja ambalo..."

"Kuna neno. Siku zote litakuwepo neno. Tia sahihi leo, na kesho uje na wazazi wako, nitawapokea mlangoni kwa mkono huu unaofanya kazi. Usipotia, usinipigie simu, na yeye usimpigie. Sitaki mwanangu azeeke anasubiri kukaguliwa."

Mkaguzi aliinua macho. Upande wa pili wa chumba mhandisi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, anaikaza skrubu isiyohitaji kukazwa. Hakuwa anawatazama. Lakini mkono wake ulikuwa umeacha kuzunguka.

Alichukua fomu. Vipengele sitini na viwili, vyote alivithibitisha jana kwa mkono wake: betri, nyaya, mikanda, breki za mashine, kitufe chekundu cha dharura cha kushika mkononi. Vyote vilikuwa sawa. Neno simama halikuwa miongoni mwa vipengele. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na nafasi ya maoni, na aliandika kwa herufi kubwa: NENO LA KUZUIA NI TULIA. WAGENI WOTE WANYAMAZE. KITUFE CHEKUNDU KISHIKWE NA MKAGUZI.

Juu ya sahihi palikuwa na swali moja alilokuwa ameliacha wazi kwa wiki nzima. Je, una uhusiano wowote na mwombaji?

Mhandisi alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Alihisi pumzi yake sikioni.

Aliandika: Hapana.

"Ndiyo hapana yako ya kwanza niliyoipenda," mhandisi alinong'ona.

Alitia sahihi saa tatu na dakika arobaini na nane. Vidole vyao vilikutana juu ya karatasi, na kwa muda huo mfupi hakupima kitu chochote. Mhandisi alikuwa anatabasamu, macho yamejaa maji. Kalamu ilikuwa imeacha doa la wino kwenye kidole cha mhandisi, na mkaguzi akaona, bila kutaka, kwamba linafanana na lile la grisi.

*

Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Mkaguzi aliwasomea maoni yake neno kwa neno.

"Hata kukohoa?" mwenyekiti aliuliza.

"Kukohoa ruhusa. Kusema, hapana."

"Nimesikia wanakuitaje humu ndani," mwenyekiti alisema, akakaa na kujifunga mdomo kwa kidole kama mtoto. Wenzake walicheka, kisha chumba kikanyamaza.

Mkaguzi alisimama kando ya ukuta, kitufe chekundu mkononi, kidole gumba juu yake.

Mzee alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha majaribio. Kiti chake cha magurudumu kilisubiri hatua nne mbele, karibu na tundu la maji.

"Inama," mhandisi alisema.

Bega ilisogea, ikainama. Mikono yake ilipita chini ya mgongo na mapaja ya mzee taratibu, ikapapasa, ikasita, ikapata mahali. Mhandisi alifunga mikanda miwili, mmoja kifuani, mmoja kiunoni.

"Simama."

Ikamwinua. Ikamgeuza, ikamnyoosha, mpaka nyayo zake zikagusa sakafu na kichwa chake kikawa juu ya kichwa cha binti yake. Miaka miwili hakuwa amemwona mwanawe kutoka juu.

"Mwanangu," mzee alisema. "Nimesimama."

Mwenyekiti alivua miwani. Mhandisi alifunika uso kwa viganja. Mkaguzi peke yake ndiye aliyekuwa anaitazama taa ya kijani, na aliiona ikipepesa mara moja, mzee alipotamka neno lile. Kidole gumba kiliganda juu ya kitufe. Lakini mashine ilikuwa tayari imesimama. Haikuwa na pa kwenda zaidi. Alishusha pumzi. Alijiambia zimebaki amri mbili tu, nenda na inama.

"Nenda."

Bega ilienda hatua nne bila kutikisika.

"Inama."

Ikamshusha mzee kwenye kiti chake, taratibu kama mtu anayeweka sahani yenye mchuzi. Wajumbe walitazamana. Mmoja aliandika kitu, akakipigia mstari. Mhandisi alipiga magoti, akaufungua mkanda wa kifuani, na akiwa bado ameinama aligeuza uso, akamtafuta mkaguzi kwa macho. Alimpata. Jinsi alivyomtazama, mbele ya watu wote hao, ingetosha kuifuta ile hapana kwenye fomu.

Mkaguzi alimtazama naye. Kwa sababu hiyo aliliona gurudumu kwa kuchelewa.

Breki za mashine zilikuwa kipengele cha kumi na nne, na alikuwa amezijaribu mara tatu. Breki za kiti hazikuwa kipengele. Kiti hakikuwa sehemu ya mashine. Gurudumu la kulia lilikuwa huru, na sakafu pale ilikuwa na mteremko. Kiti kilianza kurudi nyuma, upana wa kidole, upana wa kiganja, na mzee akaanza kutoka juu yake, nusu amefungwa, nusu hajafungwa.

Mkaguzi alikitupa kitufe chekundu ili mikono iwe mitupu, akakimbilia kiti.

"Simama!" alikipigia kelele kiti. "Simama! Simama!"

Bega ikasimama.

Ilisimama kama ilivyofundishwa, kwa nguvu zake zote, na mzee akapanda nayo akiwa amening'inia kwa mkanda mmoja wa kiunoni. Kichwa chake kilienda nyuma. Mkono wake unaofanya kazi ulishika hewa. Mhandisi alisema neno lake, alilisema mara mbili, lakini sauti ya mkaguzi ilikuwa bado juu ya sauti yake na mashine ilishika iliyo kubwa. Mkanda ulipanda mpaka kwapani. Kisha mzee akapita chini yake.

Mhandisi alinyoosha mikono kumdaka. Kilichosikika kilikuwa sauti mbili, moja nzito na moja kavu, na ile kavu ilikuwa mfupa wa mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya alama ya grisi.

Mwenyekiti aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wamekatazwa.

Mzee alilala sakafuni ubavu, macho wazi, anapumua kwa kukatiza. Kitufe chekundu kilikuwa kimeserereka mpaka chini ya kitanda. Juu yao Bega ilihisi mikono yake haina uzito. Kwa hilo pia ilikuwa imefundishwa: ukimkosa mgonjwa, mtafute. Taa ya kijani ikapepesa. Mikono yenye sponji ikaanza kushuka kuelekea sakafuni, polepole, ikipapasa, kumwelekea mzee na binti aliyemlalia.

Mkaguzi alipiga hatua. Alifungua mdomo.

Mhandisi aliinua mkono wa kulia, ule wenye doa la wino kidoleni. Hakuiangalia mashine. Alimwangalia yeye, kwa macho makavu, bila sauti ya kilio.

"Tulia," alisema.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa. Mikono ya mashine ilikoma shibiri moja juu ya mgongo wa mhandisi. Mkaguzi naye alikoma pale alipokuwa, mguu mmoja mbele, mdomo wazi.